Tulibishana ndege au treni, tukasahau kumuuliza Mama

Siku ile kundi letu la WhatsApp la familia lilikuwa na jumbe 62 kabla ya saa nane mchana. Tumezaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa anaishi Dar es Salaam, mimi niko Dodoma, na mdogo wetu yuko Mwanza. Kwa kawaida kundi hilo huwa kimya kama darasa la likizo, mpaka kuwe na msiba au harusi. Siku hiyo kulikuwa na swali moja tu: Mama asafiri kwenda Dar kwa ndege au kwa treni?

Mama mwenyewe alikuwa amekaa sebuleni kwangu, Nkuhungu, amefunika jicho la kulia kwa kiganja. Alikuwa anasikia simu yangu ikilia kila baada ya nusu dakika. Hakuuliza tunajadili nini. Nami sikumwambia.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu huenda kuna mtu anasoma hapa ana mzazi nyumbani mwenye dalili kama zile.

Ilianza Jumapili. Mama alirudi kanisani akasema anaona vitone vyeusi vinaelea mbele ya jicho, kama mbu. Usiku akasema kuna mwanga unamulika pembeni, kama mtu anampiga picha gizani. Nikamwambia ni uchovu na vumbi la Septemba, alale. Jumatatu akarudia maneno hayohayo, nikamwambia tutakwenda hospitali mwisho wa wiki nikipata nafasi shuleni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ilikuwa wiki ya mitihani. Jumanne usiku akaniita taratibu. "Mwanangu, kuna kitu kama kanga imeanikwa mbele ya jicho hili. Inapanda kutoka chini."

Jumatano asubuhi tulikuwa kwa daktari wa macho hapa mjini. Alimwekea dawa ya matone, akamwangalia kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi. Akasema ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, retina, umebanduka upande mmoja. Sehemu ya katikati ilikuwa bado imeshika. Ikibanduka na hiyo, hata ukirudishwa mahali pake, uoni haurudi ulivyokuwa.

"Imeanza lini?" akauliza.

"Jumapili," nikajibu. Nilitamani kusema jana.

Hakunilaumu. Aliandika barua, akapiga simu Dar es Salaam, akasema Mama awe huko kesho yake saa mbili asubuhi. Ilikuwa saa tano. Tulikuwa na saa 21.

Hesabu za watoto

Kwa sisi tunaoishi Dodoma, swali la ndege au treni ni jipya. Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, maelfu ya familia ziligawanyika, baba huku na mama kule, au wote huku na wazazi kule. Kwa miaka mingi chaguo la mtu wa kawaida lilikuwa basi, saa nane au tisa barabarani, na magoti yanavimba. Ndege ilikuwa ya wenye safari za kikazi. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, ikatupa kitu ambacho hatukuwa nacho: nafasi ya kuchagua. Na penye kuchagua, watoto wa mama mmoja hawakosi kubishana.

Kaka alitaka ndege. "Mama mgonjwa hapandishwi treni," aliandika. "Saa moja tu amefika. Watu watatuonaje?"

Mdogo wangu wa Mwanza alitaka treni. Huyu ni mtu wa kufuatilia habari za dunia, akatuandikia kwamba hata Ufaransa mwaka 2023 walizuia baadhi ya safari fupi za ndege za ndani, pale treni inapoweza kumfikisha mtu ndani ya saa mbili na nusu. Kaka akajibu, "Mama siyo Mfaransa." Hapo nilicheka, ingawa sikuwa na hali ya kucheka.

Nikachukua daftari nikapiga hesabu kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu. Ndege yenyewe ni kama saa moja, na uwanja wetu uko mjini, kwa bajaji ni dakika chache. Lakini ndege za siku ile zilikuwa zimejaa. Nafasi mbili za karibu zilikuwa kesho yake mchana, maana yake Mama angefika Dar wakati daktari ameshamsubiri asubuhi nzima. Treni ya jioni ilikuwa na nafasi. Ingetufikisha katikati ya jiji usiku uleule, Mama alale kwa Kaka, Kimara, asubuhi twende hospitali.

Fedha nazo zilisema. Treni ilipoanza, nauli ya Dodoma hadi Dar es Salaam kwa daraja la kawaida ilitangazwa kuwa Sh31,000. Bei ya ndege niliyoiona siku ile kwa mtu mmoja ingetosha watu zaidi ya watano kwenye treni. Lakini nisidanganye, siku hiyo fedha haikuwa sababu. Kama kungekuwa na ndege saa tisa alasiri, tungeuza hata mbuzi.

Kaka akakubali kwa shingo upande. Akaandika, "Sawa, aje kwa treni sababu ya muda. Lakini kurudi ni ndege. Ijumaa ya wiki ijayo. Nimeshalipia nafasi mbili." Akatuma na picha ya tiketi. Zilikuwa za bei nafuu, zile ambazo ukishanunua fedha hairudi.

Nikaona mambo yamekwisha. Nikaenda sebuleni na simu mkononi, nikasema kwa furaha, "Mama, jiandae, tunaondoka na treni ya jioni."

Mama akatoa kiganja kwenye jicho. Akasema, "Treni sipandi."

Kitu ambacho hatukuwahi kuuliza

Mama ana miaka 68. Kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali hapa Dodoma. Ni mwanamke wa maneno machache. Kwa hiyo aliposema hivyo, nilijua si deko.

Nikakaa chini. Akaniuliza, "Mwaka 2002 ulikuwa darasa la ngapi?"

Nikamwambia la sita.

"Basi huwezi kukumbuka vizuri."

Nilikumbuka kwa kusikia. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima eneo la Igandu, mkoani hapa, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Kwa watu wa Dodoma, Igandu ni jina ambalo ukilitaja kwa mtu mzima hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

"Tuliitwa wote kazini, hata waliokuwa likizo," Mama alisema. "Mimi kazi yangu ilikuwa sakafu. Nilidekia tangu siku hiyo mpaka kesho yake. Nikimaliza upande huu, upande ule umeshajaa tena. Kuna mama mmoja alikuwa ananiuliza kila nikipita, mwanangu yuko wapi. Nikawa napita upande wa pili ili asiniulize."

Alinyamaza. Nami nikanyamaza.

"Tangu siku hiyo sijapanda treni. Mmenipeleka Dar kwa basi miaka yote, hakuna aliyeniuliza kwa nini sitaki treni. Mlisema Mama anapenda dirisha la basi."

Ni kweli. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukisema. Hata kwenye hizo jumbe 62, kila mmoja aliandika Mama anataka hiki, Mama hawezi kile, na Mama yuko hatua tatu kutoka nilipo.

Sikujua nimwambie nini. Nilitaka kumweleza kwamba hii ni reli nyingine, kwamba ni ya umeme, na mambo mengine niliyosoma. Nikaona ni maneno ya mtu ambaye hakudeki sakafu ile. Nikamwambia ukweli tu: "Mama, ndege ipo kesho mchana. Daktari amesema saa mbili asubuhi. Sijui kama jicho litasubiri. Ukisema tungoje ndege, tutangoja."

Akafikiri. Nje mwanangu wa miaka mitatu alikuwa anamfukuza kuku. Mama akageuza kichwa kumtazama kwa lile jicho zima.

"Basi twende," akasema. "Ila tukifika Igandu unishike mkono."

Igandu usiku

Tulifika stesheni mapema, giza linaanza kuingia. Mama alikuwa na mkoba mmoja, kitenge cha kujifunika, na chupa ya chai. Mimi nilikuwa na barua ya daktari, vitambulisho vyetu, na simu yenye tiketi. Baba watoto alituaga getini akiwa amembeba mdogo, na binti yetu wa miaka tisa akamwambia, "Bibi, ukirudi unihesabie vidole." Ulikuwa mchezo wao tangu Jumapili, Bibi anahesabu vidole kwa jicho bovu, mjukuu anamsahihisha.

Ndani Mama alikaa upande wa njia, si dirishani. Treni ilipoanza kuondoka hakujua kama tunakwenda. Akaniuliza, "Mbona hainguruumi?" Nikamwambia inatumia umeme. Akasema treni ya utotoni mwake ilikuwa inatoa moshi mpaka unafika Morogoro na kola nyeusi. Kijijini kwao reli ya zamani, ile ya Wajerumani iliyofika Dodoma mwaka 1910, ilikuwa ndiyo saa ya watu wote. Ikipita, unajua ni wakati wa kuteka maji.

Nilikuwa nimefungua ramani kwenye simu, natazama ile doa ya bluu ikisogea. Tulipokaribia nikaufunika mkono wake kwa mkono wangu. Sikusema kitu, na yeye hakuuliza. Nje kulikuwa giza tupu, na kwenye kioo tuliona sura zetu tu. Nilisikia midomo yake ikitembea, sala fupi ya Kigogo ambayo alikuwa akituombea tukiwa wadogo. Halafu taa kadhaa zikapita haraka, giza likarudi, na doa la bluu likaendelea mbele.

"Tumepita?" akauliza.

"Tumepita, Mama."

Akachukua chupa ya chai, akanimiminia mimi kwanza. Tulipoingia kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa alikuwa amelala. Aliamka Dar, Kaka amesimama nje ya stesheni na funguo za gari mkononi, uso wa mtu aliyekuwa anasubiri kutoka alasiri.

"Ndege au treni, haijalishi"

Upasuaji ulifanyika. Madaktari walirudisha utando mahali pake, kisha wakaweka gesi ndani ya jicho iushikilie ukutani wakati unapona. Nadhani mambo yote tulielezwa kabla, lakini siku ya upasuaji masikio husikia nusu. Mimi nilisikia "tumefanikiwa" na "katikati haikubanduka." Mengine yakapita.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alikuwa anaandika dawa huku anatueleza namna ya kulala. Akauliza kama kwa kupitisha muda, "Mnakaa wapi?"

Nikamwambia kwa sasa Kimara, ila Ijumaa tunarudi Dodoma. Nikaongeza kwa kujivuna kidogo, kwa sababu Kaka alikuwa amesimama hapo, "Tuna tiketi za ndege."

Daktari akaweka kalamu chini.

Alituuliza kama tumewahi kununua pakiti ya kripsi Dar na kusafiri nayo mpaka mahali pa juu. Kaka akasema ndiyo, huvimba kama puto. Daktari akasema basi ndani ya jicho la Mama kuna gesi kama ile. Ndani ya ndege hewa hupunguzwa mgandamizo, unakuwa kama mtu aliye juu ya mlima wa karibu meta 2,000. Gesi inatanuka. Pakiti inaweza kuvimba, jicho haliwezi. Presha ya jicho inapanda, damu inashindwa kuingia, na mgonjwa anaweza kupoteza uoni wa jicho hilo kabla ndege haijatua.

Ofisi ilikuwa kimya. Kaka alikuwa ameshika simu yenye zile tiketi.

Nikasema haraka, "Basi daktari, tutarudi kwa treni."

Akaniuliza, "Dodoma iko juu ya bahari meta ngapi?"

Mimi ni mwalimu. Nafundisha watoto kuchora ramani ya Tanzania na kuonyesha uwanda wa juu wa kati. Nilikaa pale nikakosa jibu. Dodoma iko zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka Dar es Salaam unapanda mwendo wote, ila kwa kuwa unapanda polepole umekaa kwenye kiti, huhisi.

"Treni haina mabawa," daktari akasema, "lakini nayo inapanda mlima, na basi pia. Ndege ndiyo hatari kubwa zaidi, lakini kwa mgonjwa huyu, ndege au treni, haijalishi. Abaki hapa chini mpaka gesi iishe na mimi nimwone. Inaweza kuchukua wiki sita, hata nane."

Nilipotuma habari hizo kwenye kundi, hakuna aliyeandika kitu kwa muda mrefu. Mwisho Kaka, ambaye tiketi zake mbili zilikuwa zimekufa, akaandika: "Hela ni hela. Jicho ni jicho."

Wiki saba za Kimara

Hapo ndipo nilipojua kwamba tulikuwa tumebishana kuhusu kitu kidogo. Sisi tulifikiri safari ya mgonjwa ni kwenda na kurudi. Kumbe sehemu ngumu ni ile ya katikati: nani atakaa naye?

Wiki ya kwanza Mama alitakiwa kuinamisha uso chini karibu muda wote, akikaa na akilala, ili gesi ipande na kukandamiza pale palipopasuliwa. Jaribu saa moja tu, msomaji wangu, uone shingo inavyosema. Wifi yangu, mke wa Kaka, ndiye aliyebeba mzigo huo. Alimwekea mito, akamlisha uji kwa mrija, akamwekea dawa ya matone kwa saa. Mtoto wao wa darasa la kwanza alikuwa anatandika mkeka chini ya kitanda, analala chali, ili Bibi aliyeinama apate uso wa kuzungumza nao. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mimi nilirudi kazini Dodoma. Kila wiki ya pili, Ijumaa jioni nikitoka shule, nilipanda treni kwenda Dar, Jumapili nikarudi. Sh62,000 kwenda na kurudi. Safari mbili nilikwenda na wanangu. Mkubwa, kwa kuwa ana miaka tisa, analipa nusu, Sh15,500. Mdogo wa miaka mitatu halipi, kwa sababu nauli ya watoto inaanza wakifikisha miaka minne. Kwa hiyo sisi watatu ilikuwa Sh93,000 kwa mwisho wa wiki mzima, na zabibu za Dodoma kwenye ndoo kwa ajili ya wifi. Kwa bei ya ndege ningemwona Mama mara moja labda. Kwa basi ningefika nimechoka, nikalala, nikageuza.

Kwenye safari hizo nilikuwa nawaona wazazi wenzangu. Akina baba wenye mabegi ya kompyuta, wanapiga simu "msilale, nakuja." Mama mmoja anayefanya kazi Dodoma aliniambia mwanawe alikuwa akimwita shangazi, kwa sababu alikuwa anaonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Siku hizi anamwita mama, na anamkaripia akichelewa.

Mama naye alikuwa na saa yake. Alisema anaona mstari ndani ya jicho, kama maji kwenye glasi, unaotikisika akitembea. Kila wiki mstari ulikuwa unashuka. Juu ya mstari anaona vizuri, chini yake ukungu. Binti yangu alikuwa anamwuliza kwenye simu, "Bibi, maji yamefika wapi?" "Yamefika puani," anajibu. Wiki iliyofuata, "Yamefika kidevuni." Wiki ya saba yakawa kitone kimoja kinachoviringika chini kama ushanga. Halafu asubuhi moja hakikuwepo.

Daktari alimwangalia, akathibitisha gesi imekwisha, akamruhusu kusafiri.

Safari hii tuliuliza

Jioni ile simu ikaanza tena. Mdogo wangu akaandika, "Haya, ndege au treni?" Nikaona Kaka anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Mwisho ukaja ujumbe mfupi: "Muulizeni Mama."

Tukampigia, wote watatu kwa pamoja. Mimi nilikuwa na uhakika atasema treni. Nilishamwona kichwani mwangu amekaa dirishani mchana, anaiangalia Igandu kwa macho mawili. Nilikuwa hata nimeshaandaa machozi.

Mama akasema, "Ndege."

Tukanyamaza.

"Treni nimeshaipanda. Pale nilipokuwa nadaiwa nimepita. Ndege sijawahi kupanda maisha yangu yote, na sasa nina jicho. Nataka kuona mawingu kwa juu."

Akaja kwa ndege. Kaka alimsindikiza mwenyewe, na safari hii alinunua tiketi zinazobadilishika. Tulikwenda kumpokea familia nzima. Alishuka ngazi moja moja, ameshika kitenge, watoto wakamkimbilia. Binti yangu akainua mkono. Mama akahesabu: "Vinne. Na umekata kucha vibaya."

Nikamuuliza ndege ilikuwaje. Akasema ni nzuri, na mawingu kwa juu yanafanana na pamba iliyomwagwa uani. "Lakini haina cha kusimulia. Umefunga mkanda, umepewa maji, umeambiwa fungua mkanda. Treni unakula, unalala, unaamka, unaongea na mtu."

Jicho halijarudi kama lilivyokuwa. Herufi ndogo za Biblia bado anamwachia mjukuu. Lakini anatuona sura, anapepeta mtama mwenyewe, anajua nani ameingia getini. Siku nikifikiria zile siku mbili nilizosema ni uchovu na vumbi, huwa naacha kufikiria.

Watu huniuliza sasa, wewe uliyesafiri sana, ipi bora kwa mzazi mgonjwa? Nawaambia mambo machache tu. Mwenye vitone vipya vinavyoelea, mwanga unaomulika au kivuli kwenye jicho, apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, msingoje mwisho wa wiki kama mimi. Msinunue tiketi ya kurudi kabla daktari hajasema mgonjwa atarudi lini na kwa njia gani. Mwambieni daktari mnaishi wapi hata kama hajauliza, hasa ninyi mnaokaa huku juu, Dodoma, Singida, Iringa au Mbeya. Na kabla hamjapigia kura usafiri wa mtu mzima kwenye kundi la WhatsApp, inukeni mwende sebuleni mkamuulize. Ana sababu zake, na huenda amekaa nazo miaka zaidi ya ishirini akisubiri mtu aulize.